Mikono ya Singano Haikutetemeka

Juzi mlikuwa mmekaa kibarazani kwangu, ninyi vijana wa leo mnaojua kila kitu, nikawasikia mkikubaliana kwamba mwanamume akiacha pombe akahamia mtandaoni, huyo amepona. Mmoja wenu, simtaji kwa sababu mama yake ni jirani yangu, akasema ni heri mume ashinde na simu kuliko kushinda kilabuni. Wengine wote mkaitikia. Nilinyamaza kwa sababu jino lilikuwa linaniuma, si kwa sababu nilikubali. Leo haliniumi.

Mimi nilikuwa fundi msumeno. Kazi yangu ilikuwa kupasua magogo yawe mbao, katika kiwanda kilichokuwa juu kidogo ya hapa Magamba, pembeni mwa msitu. Siku hizi pamebaki zege na nyasi, na mbuzi wa watu wanalala pale tulipofunga injini. Nilianza kwa kubeba mabanzi, yale maganda ya gogo yanayotoka kwanza, nikamaliza nikiwa mkuu wa zamu mwenye filimbi shingoni. Nimepasua misonobari, nimepasua mikafuri, nimepasua mikaratusi iliyopinda kuliko nia za wanasiasa. Makabati mengi ya Lushoto mnayofungia vyombo vyenu yalianzia mikononi mwangu, na hakuna aliyewahi kunikaribisha hata chai kutoka ndani yake.

Aliyenifundisha kazi aliitwa Mzee Hoza. Alikuwa mfupi, mkali, mwenye maneno machache, na machache yenyewe ni matusi. Siku yangu ya kwanza kwenye msumeno nilikuja nimejizungushia skafu ya sufu, kwanza kwa sababu baridi ya Magamba ya mwezi wa saba haina mchezo, pili kwa sababu wasichana waliokwenda kuchota maji walipita hapo nami nilitaka waone skafu. Mzee Hoza alinitazama, akachomoa kisu, akaikata skafu ikiwa bado shingoni mwangu, akanizaba kofi, halafu akaniuliza kama nimekula. Baada ya chai akanionyesha mkanda wa injini unavyokimbia, akaniambia uliwahi kumvuta mtu kwa kipande cha nguo kisichozidi kiganja. Nilimchukia wiki nzima. Lakini tangu siku hiyo sijavaa skafu, hata nikiwa na homa.

Msumeno wa duara hautazamwi, unasikilizwa. Ukiimba sauti moja nyembamba, sukuma. Ukianza kunguruma, punguza, umefika kwenye fundo. Ukipiga kelele ya chuma, umekutana na msumari ambao mtu fulani mwenye akili aliupigilia mtini miaka ishirini iliyopita, na hapo usijifanye shujaa, rudi nyuma. Msonobari una utomvu unaoganda kwenye meno, na dawa yake ni kitambaa chenye mafuta ya taa, msumeno ukiwa umesimama. Nasisitiza umesimama. Tulikuwa na mwenzetu aliyeona kuusimamisha ni kupoteza muda. Alikuwa na haraka sana wakati ule, na sasa ana muda mwingi nyumbani. Na gogo likibaki fupi, hulisukumi kwa mkono, unalisukuma kwa kijiti. Kijiti kikikatwa unachonga kingine, msitu umejaa.

Lakini somo kubwa la Mzee Hoza lilikuwa la kibanzi. Kila asubuhi, kabla mkanda haujafungwa, watu wote wa msumeno tulijipanga mstari tukanyoosha mikono mbele, viganja chini. Yeye alipita akiweka juu ya kila mkono kibanzi kimoja chembamba cha msonobari, kisha akahesabu mpaka ishirini kwa Kishambaa, polepole, kwa makusudi. Kibanzi kikianguka, siku hiyo husogelei msumeno. Unakwenda nje kupanga mabanzi, na kila anayepita anajua kwa nini uko nje. Hapakuwa na barua ya onyo wala kikao cha nidhamu. Huku kwetu boha, pombe ya miwa, ina heshima zake, hata kwenye matambiko inamwagwa. Gongo ilikuwa ya wale ambao heshima imewapita. Zote mbili zilijulikana kwa mikono. Jumatatu vibanzi vilianguka vingi, Ijumaa vichache, na Mzee Hoza hakuhitaji kumnusa mtu mdomo.

Nilipopewa filimbi nikairithi desturi hiyo, nikaiamini kuliko hospitali. Mikono ikitetemeka, mlevi. Mikono ikitulia, mzima. Jambo jepesi kiasi hicho lilinitosha, nami nikajiona daktari.

Kisha ikaja enzi ya ruksa, milango ya biashara ikafunguliwa. Kiwanda kilikuwa cha umma, tukaambiwa sasa kinabinafsishwa. Lilikuwa neno gumu, ilituchukua wiki kulitamka vizuri, na tulipoweza kulitamka nusu yetu tulikuwa tumeshapunguzwa kazi. Mwekezaji akaja na kofia mpya za plastiki, na baada ya miaka michache akaweka kompyuta ofisini, ikaungwa na waya wa simu ili wateja wa Dar es Salaam waagize mbao kwa barua pepe. Tulikusanywa tukaambiwa dunia imekuwa kijiji. Mimi nilikuwa naishi kijijini tangu nizaliwe, kwa hiyo sikuona zawadi iko wapi.

Barabara hiyo hiyo ya kutoka Mombo iliyopandisha kompyuta ndiyo iliyotupandishia viroba, pombe kali ndani ya vifuko vya plastiki. Ninyi hamkuvikuta sana, poleni. Zamani mtu akitaka kulewa ilimbidi atembee mpaka kwa muuza gongo, aonekane na shemeji zake njiani, asalimie watu wazima shikamoo akiwa anajua wanajua anakokwenda. Wengine walighairi kwa aibu tu. Ruksa ikawaondolea usumbufu huo wote. Kiroba kilikaa mfukoni pamoja na ufunguo wa nyumba, unachana kwa meno, unamaliza kabla mkeo hajageuka.

Sasa niwaambie habari za Singano, kwa sababu ndiye mwenye habari hizi.

Singano nilimfundisha mimi. Alikuwa na sikio la kazi; aliweza kusikia fundo kabla msumeno haujalifikia. Amesoma mpaka kidato cha nne, mpole, mcheshi, ameoa binti anayeitwa Mwanaidi kutoka kwa wakulima wa mboga wa bondeni. Wakakaa mwaka, wakakaa miaka saba, hawakupata mtoto. Ninyi mnawajua watu wetu. Hakuna harusi, msiba wala soko ambako Singano hakuulizwa mtoto yuko wapi, tena kwa kicheko, eti ni utani. Akaanza boha, akapanda ngazi akafika kwenye gongo, viroba vilipokuja akavipokea. Kibanzi chake kikaanguka asubuhi tatu mfululizo. Nikamtoa nje, na masika yote aliyamalizia kwenye mabanzi, mtu mwenye mikono bora kuliko yote niliyowahi kuifundisha.

Mwanaidi alikuja nyumbani kwangu Ijumaa moja baada ya swala. Akaniamkia, akakaa chini kwenye mkeka, akakataa chai.

"Baba," akasema, "mkimfukuza kazi atakunywa mpaka afe. Mkimrudisha kwenye msumeno atakufa upesi zaidi. Nitafutie jambo la katikati."

Nikampatia la katikati. Ni wazo langu mwenyewe, sifa zake msimpe mtu mwingine. Ofisini alihitajika mtu wa kusoma zile barua pepe, aandike kwenye karatasi ni mbao ngapi na za inchi ngapi, alete kiwandani. Nikaenda kwa mwekezaji nimevua kofia, nikamwombea Singano nafasi hiyo. Nikasema mtu akishughulisha akili atasahau chupa. Nilisema kwa sauti ya mtu aliyesoma.

Na kweli akasahau. Haikupita miezi miwili, Singano hanywi. Msikitini alipongezwa. Mama mkwe wake, mwanamke ambaye sijawahi kumsikia akimsifu mtu aliye hai, alisema mkwe wake amekuwa mtu. Mimi nilipita vilabuni nikiwaambia walevi wengine wafuate mfano. Jioni Singano akawa hakai tena nyumbani. Alishuka mjini Lushoto, ambako palikuwa pamefunguliwa duka la intaneti, akarudi Mwanaidi ameshalala. Tukasema anajiendeleza. Alikuwa ameruka mkojo akakanyaga mavi, na sisi wote tumesimama kando tunampigia makofi kwa jinsi alivyoruka vizuri.

Mwaka uliofuata mwekezaji akahamishia kompyuta Tanga. Kazi ya barua pepe ikaisha, na mimi nikawa nimepungukiwa mtu wa msumeno. Nikampanga Singano kwenye mstari wa asubuhi, nikaweka kibanzi. Kilikaa. Siku ya pili kikakaa. Nikamrudisha kwenye msumeno nikiwa na furaha ya baba aliyerudishiwa mwana.

Ni kweli alikuwa amekonda. Ni kweli mteja aliagiza mbao za inchi moja, akapasua za inchi mbili gogo zima, na nilipomwuliza akanijibu kwa hasira ambayo hakuwa nayo hata enzi za gongo. Ni kweli mchana wenzake walikula, yeye akakaa peke yake akitazama njia ya mjini. Alinuka karafuu kila asubuhi, nikadhani meno. Mwanaidi alikuja mara ya pili. Akaniambia mumewe hazungumzi, halali kitandani, akiulizwa alikokuwa anadanganya, na uongo wenyewe ni wa mambo madogo yasiyohitaji uongo. Nikamwuliza kama ananuka pombe. Akasema hapana. Nikamwuliza kama anampiga. Akasema hapana. Nikamwambia basi ashukuru Mungu, kama alitaka kuolewa na malaika angesema mapema. Akacheka kidogo kwa adabu, akaniaga, akaondoka. Naona aibu kwa neno lile mpaka leo, na nimewaambia ninyi ili mjue kwamba mzee naye husema upuuzi, tena kwa kujiamini.

Siku moja ya soko nilishuka Lushoto kununua tupa za kunolea. Nikakumbuka lile duka, nikaingia nione huko kujiendeleza kukoje. Ndani palikuwa na vichumba vidogo vitano, vimetengwa kwa mbao. Mbao zetu, nilizijua, na aliyezipiga randa alikuwa hana haya. Katika kila kichumba kuna mwanamume, uso kwenye kioo, mgongo mlangoni, na shavu moja limevimba. Nilidhani mji mzima unaumwa jino. Kumbe ni mirungi, yale majani ya kutafuna yanayofukuza usingizi. Mpango wao ulikuwa mzuri, uchumi huria mnaousikia. Mwenye duka aliuza dakika. Aliyekaa ngazini na kikapu kilichofunikwa kwa jani la mgomba aliuza majani, ili uweze kukaa dakika nyingi zaidi. Na kibanda cha jirani kiliuza viroba, kwa sababu ukishatafuna majani usingizi hauji mpaka uuvute kwa nguvu. Watu watatu walikula kwa mteja mmoja bila kugombana, ujirani mwema kabisa.

Singano alikuwa kichumba cha mwisho. Nikamwita. Hakusikia. Nikamwita tena, mtu mwenye sikio linalosikia fundo ndani ya gogo. Hakusikia. Nikamshika bega, akaruka, akageuka, na uso alionigeuzia niliujua. Ni uso ule ule niliokuwa nikiukuta nyuma ya mabanzi zamani nilipomfumania na chupa ya gongo. Macho yale yale, tabasamu lile lile la mtoto aliyekutwa kwenye sukari, na neno lile lile: nilikuwa naondoka sasa hivi, mzee.

Niliuona, nikaujua, halafu nikautupa. Nilimtazama mikono, nikaiona imetulia kwenye vile vidude vya kuandikia, nikajiambia hana shida huyu. Nikanunua tupa zangu nikapanda nyumbani.

Baadaye nilikuja kuujua utaratibu wake wote, yeye mwenyewe alinieleza. Alitafuna majani ili asiondoke mbele ya kioo. Akirudi nyumbani moyo unamwenda mbio, hawezi kulala, anamaliza kiroba. Alfajiri mikono inatetemeka, na anajua mzee anasubiri na vibanzi vyake, basi anamaliza kiroba kingine njiani, mikono inatulia, anatafuna karafuu, anajipanga mstari. Yaani kipimo changu, kile cha Mzee Hoza nilichokiamini kuliko hospitali, ndicho kilichokuwa kinamnywesha pombe kila asubuhi. Na mimi nilikuwa nampongeza.

Ilikuwa Jumatano. Nikaweka vibanzi, nikahesabu mpaka ishirini, mikono ya Singano haikutetemeka. Nikaendelea kuhesabu mpaka thelathini ili niwasute wengine, nikawaambia tazameni mkono wa mtu aliyeacha pombe. Nilisema maneno hayo kwa mdomo huu huu. Kisha nikapuliza filimbi, mkanda ukafungwa, kazi ikaanza.

Nilikuwa hatua nne kutoka kwake. Gogo lilikuwa limebaki fupi, na kijiti kilikuwa pale pembeni, mahali pake. Macho yake yalikuwa wazi lakini yeye hakuwemo. Akasukuma kwa mkono. Mnakumbuka nimewaambia msumeno unasikilizwa? Mimi nilikuwa nasikiliza, miaka yote ile nilisikiliza, na sauti haikubadilika hata kidogo. Mfupa wa mtu ni laini kuliko fundo la msonobari. Niligutushwa na kelele za mpokea mbao upande wa pili, si za Singano. Yeye alikuwa ameuinua mkono wa kulia anautazama, akionekana kama anajaribu kukumbuka jambo.

Vidole vinne vilikwenda. Kidole gumba kilibaki. Nilimfunga kwa shati langu, tukamteremsha hospitali nyuma ya gari la mbao, na njia nzima nilikuwa namwambia asilale, mimi ambaye sikuwahi kumwuliza kama analala.

Kesho yake nilikuwepo alipozinduka vizuri. Mwanaidi alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda ameushika mkono wa mumewe uliobaki mzima. Singano akauliza leo siku gani, tukamwambia Alhamisi. Akaniashiria niiname. Nilidhani atauliza vidole, nikawa nimejiandaa, nina maneno ya dini na ya dunia.

"Mzee," akasema, "ukipita mjini niombee wamwandikie. Wamwambie nitachelewa kumjibu."

Nilidhani anasema mwekezaji. Mwanaidi alielewa kabla yangu. Hakulia. Aliuweka ule mkono juu ya shuka taratibu, akajifunga khanga yake vizuri, akatoka nje barazani.

Basi Singano akanieleza, kwa sababu alikuwa amechoka kuficha. Kulikuwa na mwanamke wa nchi ya mbali anayezungumza naye kwenye kioo, au mtu aliyejiita mwanamke, Mungu ndiye anayejua. Huko kwenye kioo Singano ni mwenye kiwanda cha mbao. Mimi ni mfanyakazi wake mmoja mzee, mvivu, anayemsumbua, na hilo nimemsamehe. Na ana watoto wawili, wa kiume na wa kike, wanasoma Tanga. Aliwapa majina. Alijua wa kwanza anapenda hesabu na wa pili anaumwa kifua wakati wa baridi. Nilimwuliza kwa nini, nikiwa bado na hasira.

"Kule hakuna anayeniuliza mtoto yuko wapi," akasema.

Na mimi nilikuwa nimemwuliza, harusini, kwa kicheko.

Muuguzi wa wodi ile alikuwa mama wa makamo, mtu wa Zirai, aliyezoea kuletewa wanaume waliovunjika wakiwa na wazee wao wenye kauli. Nilimpa historia yote, nikamweleza jinsi tulivyomponya pombe kwa kompyuta. Alinisikiliza mpaka mwisho huku akikunja bandeji.

"Mzee, mlimwondolea pombe," akasema. "Ile kazi ambayo pombe ilikuwa inamfanyia, mlimpa nani aifanye?"

Akaniambia amewaona wengi. Mwanamume anaacha chupa, nyumbani wanafanya sherehe, hakuna anayeuliza alikuwa anakimbia nini. Akipata mlango mwingine wa kukimbilia anaingia huo, uwe kamari, uwe kioo, na mara nyingi haupiti muda mrefu chupa nayo inamfuata huko huko, kwa sababu moja inamwamsha na nyingine inamlaza. Akasema tangu intaneti ifike mjini, akiletewa mlevi anamwuliza pia anashinda wapi na analala saa ngapi, na akiletewa asiyelala anamwuliza anakunywa nini. Nilimwambia hayo angetuambia mapema. Akaniambia hatukuja mapema.

Nikarudi kiwandani. Vibanzi sikuviacha, mazoea ni mazoea, lakini nilianza kuwauliza watu wangu kila asubuhi: umelala, umekula na nani, na kuna nini unamficha mkeo. Walinichukia. Waliniita mama mkwe, na wapo wanaoniita hivyo mpaka leo. Wawili waliniambia ukweli, mmoja wao baada ya miezi minne, akiwa analia, nikampeleka mwenyewe kwa yule muuguzi. Nami nikaacha kuwauliza watu watoto wako wapi. Mwenye mtoto atakuonyesha bila kuulizwa, tena atakuchosha.

Singano hakurudi kwenye mbao. Ilimchukua miaka miwili kuacha vyote, na aliviacha vyote pamoja, kwa sababu Mwanaidi alikataa kumpa ruhusa ya kimoja. Alianguka, akainuka, akaanguka tena. Wakafungua kitalu cha miche ya mapeasi na maparachichi nyuma ya nyumba. Wakamlea binti wa dada yake Mwanaidi, ambaye anamwita Singano baba na leo ni mwalimu. Mkono ule wa kidole kimoja ukajifunza kujaza udongo kwenye vifuko vya miche. Mimi nilistaafu nikidhani hesabu hiyo imefungwa.

Binti alipopata mshahara wake wa kwanza akamletea baba yake zawadi, simu ya kioo kama hizo zenu. Alimletea kwa upendo, simlaumu. Hakuna aliyewahi kumweleza habari za yale mambo. Tuliyaficha kwa heshima, na mficha maradhi mnajua kifo humfanyaje.

Wiki iliyopita Mwanaidi alinitumia mtu, akisema mzee aje mara moja. Nikaenda na fimbo yangu. Alinipeleka nyuma ya kitalu, akasogeza gunia la mbolea, akanionyesha vichupa vidogo vitupu. Viroba serikali ilivipiga marufuku, waliovitengeneza wakasikitika kidogo, kisha wakahamia kwenye vichupa. Mwanaidi alisema amechoka, akasema mara mbili, na mimi nikaona kwamba nikimjibu kwa mzaha safari hii Mungu hatanisamehe.

Singano alikuwa amekaa kwenye kigoda kati ya miche, ambayo haikumwagiliwa, udongo umepasuka. Simu iko gotini. "Shikamoo mzee," akasema, bila kuinua macho. Kwetu sisi mtu huamkiwa kwa macho, lakini nikaitikia marahaba. Nikasimama pale namwangalia. Kidole gumba cha mkono wa kulia kilikuwa kinapanda juu ya kile kioo, kinapanda, kinapanda. Ndicho pekee msumeno ulichomwachia, na simu za siku hizi hazihitaji zaidi ya hicho.

Nikamwambia Mwanaidi avae viatu, tunakwenda hospitali sote watatu. Singano akasema kesho, mzee, leo nina kazi.

"Vidole vinne vilikwenda mimi nikiwa mkuu wa zamu," nikamwambia. "Hiki cha tano sikiachi. Simama."

Nikakishika kile kidole gumba, nikakifumbata kiganjani kwangu. Alikuwa na nguvu za kukichomoa, mimi mzee nina nguvu gani. Hakukichomoa. Alisimama, simu ikaanguka kwenye udongo, Mwanaidi akaipita bila kuiokota, tukashika njia ya kuteremka mjini. Watu walicheka kuona wanaume wawili wenye mvi wameshikana kidole barabarani mchana kweupe. Nilikishika hivyo hivyo mpaka kwenye benchi la hospitali, na tulipokaa, yeye ndiye aliyeushika mkono wangu.